Tamthilia Isiyo na Mjomba

Tabata, Dar es Salaam

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nasimama hapo uani kwanza nisubiri marahaba yako, maana Mama ameniambia safari hii haitatoka upesi.

Mguu unaendeleaje? Mikorosho umeshaipulizia dawa, au bado unagombana na ile pampu? Na kisima cha maji ya mvua, ule ufa ulishazibwa? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na maji yanatoka bombani siku nne kwa wiki. Wenzangu wanalalamika, mimi nayatazama tu yanavyotiririka nafurahi.

Naandika kwa sababu simu zangu huzipokei. Barua hii naiweka ndani ya mzigo wa Mama unaokuja na basi, pamoja na miwani mipya ya kusomea, ili usipate kisingizio.

Najua umekasirika, na haki unayo. Lakini kuna barua nyingine juu ya kabati la Mama, ile ya posa iliyoletwa na wazee wa Elisha kutoka Nanganga. Wiki ya tatu sasa haijafunguliwa. Nilimpigia Baba nikamwomba aifungue tu, akacheka. "Mimi ni baba yako," akasema. "Hiyo kazi ni ya mjomba wako, na mjomba wako siku hizi hata njia yetu hapiti." Nampenda Elisha, Mjomba, nataka kuolewa naye, na bila wewe hilo haliwezekani. Kwa hiyo naanza na kosa langu.

Mama alinisimulia yote. Ulitangaza baada ya ibada, ukatangaza na sokoni Mnyambe, kwamba tamthilia ya saa moja jioni ameiandika mpwa wako. Watu wakajaa sebuleni kwako, wengine wakasimama dirishani. Familia ya kwenye tamthilia niliitoa Newala, majina ya kwetu, hata maji ya kununua kwa dumu yamo. Halafu wakaja wageni wa posa, na aliyewapokea ni nani? Baba. Amekaa kwenye sofa, mguu juu ya mguu, anakubali peke yake kama anayeagiza soda. Fundi baiskeli akauliza, "Mjomba wa huyu binti yuko wapi?" Jirani yake akamjibu, "Labda kaenda kuchota maji." Watu wakacheka mpaka kilichofuata hakikusikika. Wewe ukachukua kofia yako, ukatoka ndani ya nyumba yako mwenyewe, chai ukaiacha mezani.

Niliposimuliwa nililia. Baadaye, unisamehe, ile ya kuchota maji ikanichekesha.

Ngoja nikueleze mtu anavyoweza kumsahau mjomba wake. Tamthilia ina desturi zake, na ukishazizoea zinakuongoza mkono. Lazima awepo baba tajiri mwenye amri. Lazima mama mkwe awe na roho mbaya, mtu asikie siri akiwa nyuma ya mlango, binti azimie, na daktari atoke na karatasi. Nyingi hatukuzibuni sisi. Unakumbuka kile kibanda cha video pale Newala mjini, filamu za Kinaijeria na yule bwana anayezitafsiri juu kwa juu, mchawi na mchungaji wote sauti moja? Zikafuata za Kifilipino, zikaja za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na Mama akawa anawataja wagonjwa wao kwenye sala ya jioni. Sasa tunatengeneza zetu, kila jioni sehemu moja, na ninachoandika leo kinapigwa picha kesho. Kwa haraka hiyo unachukua kilicho karibu. Nilichukua baba wa kwenye tamthilia za watu nikampa jina la kwetu. Mambo mengine yamebadilika, si haba. Zamani mtu mbaya ulimjua kwa nyusi tu, siku hizi watazamaji wanataka naye awe na sababu zake. Binti naye haozwi tena bila kuulizwa. Nikajisifu kwamba wa kwangu nimemwacha aseme mwenyewe, kumbe mtu wa kuulizwa nimemfuta kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi hii nilijifunza kwako. Redio ilikuwa yako, betri ukizianika juani ziongeze nguvu. Ulisikiliza mchezo wa redio, kesho yake unatusimulia sisi watoto, sauti zote unazitoa wewe. Mume ameshika kitasa, mke yuko ndani anaficha barua, na hapo unanyamaza. Unasema koo limekauka. Tukikubembeleza unauliza, "Mtungi wangu una nini?" Tulikuwa tunapanga foleni ya maji kwa ajili ya mchezo wa redio. Mpaka leo ninapotafuta mahali pa kukata sehemu, nakata pale ambapo koo lako lingekauka.

Basi asubuhi baada ya simu ya Mama nikaenda kwa mwongozaji wetu, tunamwita Dairekta, nikamwambia nataka kumwingiza mjomba.

"Posa imeshakubaliwa," akasema. "Mjomba wa nini tena, na baba yupo?"

"Kwetu baba hakubali peke yake."

"Watazamaji watachanganyikiwa."

Elisha, ambaye ndiye fundi sauti wetu, alikuwa pembeni anakunja nyaya. Si msemaji, utamwona. Akasema taratibu, "Kwetu Nanganga mgeni wa posa akijibiwa na baba tu, anarudi kwao anasema wenyewe hakuwakuta."

Dairekta akatutazama wote wawili. Akanipa sehemu moja ya kujaribu. Akasema ikichosha watu, huyo mjomba atapata safari ya ghafla nje ya nchi na hatarudi.

Nikaandika hivi. Wageni wamerudi kupanga siku ya harusi, baba anawakaribisha kwa madaha. Mama wa binti, ambaye tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuleta trei ya juisi, anaiweka trei chini anasema, "Kaka yangu hajaulizwa." Basi. Hakuna kofi, hakuna muziki wa kutisha. Siku ya kupiga picha Dairekta akasahau kusema kata.

Anayeigiza mjomba ni mzee wa Bukoba, mpole, mambo ya kwetu hayajui. Nikamfundisha wewe. Kofia gotini. Uliza habari ya barabara, kisha mvua, kisha mvua ya mwaka jana, mpaka mgeni jasho limtoke. Akaniuliza, "Huyu mzee ana hasira?" Nikamwambia hana, anataka tu wajue wamefika kwa nani. Elisha alikuwa ameshika kipaza sauti juu ya vichwa vyao, akasikiliza mpaka kikashuka kikaonekana kwenye picha, tukarudia mara tatu.

Msalimie Mama Frida wako, mwambie vitenge vyake viko ndani ya mzigo. Msalimie katekista, mwalimu wangu wa kwaya. Na fundi baiskeli msalimie kwa jina, umwambie mjomba amerudi kutoka kuchota maji.

Sehemu hiyo itaoneshwa Alhamisi ijayo, saa moja jioni. Nisamehe, Mjomba, na uitazame, hata kama ni peke yako. Inaishia pale mjomba anapokabidhiwa bahasha ya posa na kidole chake kimeingia kwenye ukingo. Hapo nimekata. Dairekta ananibana kila asubuhi niandike mzee anajibu nini, nami nimemwambia jibu hilo si langu kuliandika, nalisubiri kutoka Mnyambe.

Bahasha iko juu ya kabati la Mama, upande wa kushoto, nyuma ya Biblia. Nikija, mtungi wako nitaujaza mwenyewe.

Mpwa wako,
Hilda