Saa ya Baba Si Ndogo

Raila, Kibera
Jumatano, 19 Novemba 2025

Mpendwa kaka Obiero,

Pokea salamu zangu, na uwagawie shemeji Trizah na watoto, kila mmoja fungu lake bila kupunjwa. Natumai kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia na kwamba hapo Kisumu mnalala na kuamka salama. Mimi sijambo, kwa maana kwamba bado natembea. Goti la kushoto linalia nikipanda mlima na macho yameanza kuniomba miwani, lakini sijalala njaa, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Najua umeshangaa kuona karatasi ilhali simu ziko. Kaka, kwenye simu wewe ukianza kuongea mimi hugeuka mtu wa kuitikia "ndiyo" na "sawa" mpaka unakata. Karatasi itakubidi uisikilize hadi mwisho. Nitampa Marvin wa ami, anayesafiri Ijumaa, pamoja na kile kifurushi unachokisubiri. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Kazi ni ileile. Kila asubuhi natoka hapa Raila, napita kando ya ukuta wa Nyayo Highrise, nakatiza hadi Ngong Road, na ninapofika Gatina, huko Kawangware, na kufungua meza yangu kwenye kibaraza cha mzee Nderitu, tayari nimechoka kama mtu aliyemaliza siku. Saa za kutengeneza ni chache siku hizi. Nyingi ni za kuuza, na kuuza saa ni kubishana na mtu kuhusu mkono wake mwenyewe. Nimebishana miaka kumi na moja, kaka, na nimechoka.

Juzi nilibishana na Nderitu mwenyewe, yule mwenye ploti. Alikuja na saa aliyonunua mjini, kasha lake pana milimita arobaini na nane, imelala kwenye kifundo chembamba cha mkono wa mzee wa miaka sabini. Alilalamika kwamba inanasa mfukoni akitoa funguo, na kwamba kanisani inagonga benchi wakati wa maombi mpaka watu wanafungua macho. Nikakata kipande cha karatasi, nikakizungusha kwenye kifundo chake, nikakipima kwa rula: sentimita kumi na sita. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu, kwamba kifundo cha aina yake kinataka kasha la milimita thelathini na nne hadi thelathini na nane. Kikifika sentimita kumi na saba au kumi na nane, basi hadi arobaini na mbili. Kikizidi hapo, mtu abebe sahani akitaka. Nikamwonyesha zile pembe nne zinazoshika mkanda, jinsi zilivyotokeza nje ya mkono wake pande zote mbili. Pembe zikivuka ukingo wa mkono, hiyo saa si yako, hata kama umeinunua. Alikasirika akasema, "Opondo, mimi ni landlord. Mtu akinisalimia lazima aone saa." Nikamjibu kwamba saa ataiona, ila mkono hatauona. Hajanisalimia tangu siku hiyo, na bado nimekaa kwenye kibaraza chake.

Usidhani mimi ni mtumwa wa rula. Wacera, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, ana kifundo cha sentimita kumi na tano na anavaa saa ya kiume ya arobaini. Inampendeza kuliko wanaume wote wa Gatina, kwa sababu ni nyembamba, pembe zake ni fupi, na yeye huvaa mikono mifupi na kuibeba bila wasiwasi. Kila mtu namwambia asiihukumu saa akiwa ameinamia mkono wake, kwa maana kwa karibu kila saa huonekana kubwa. Asimame mbali na kioo, aitazame kama watu watakavyoitazama. Kisha naandika jina lake na tarehe kwenye kile kipande cha karatasi na kukichoma kwenye msumari ukutani, akirudi nisimpime tena. Misumari hiyo unaijua. Uliicheka uliponitembelea, ukasema nimetundika mikono ya Kawangware nzima kama risiti za duka.

Sasa nifike kwenye saa ya Baba.

Uliponiletea mwezi wa tisa, ulisema umechoka kuchekwa nayo, kwamba walimu wenzako wamekuuliza kama umevaa ya mke wako. Ulisema Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwenye ibada ya kumbukumbu na kujengea kaburi, utasimama mbele ya watu kusoma maisha ya Baba, picha zitapigwa, na hutaki saa ya milimita thelathini na nne kwenye mkono wa kifungua mimba. Ukaniagiza niihamishie kwenye kasha la arobaini na nne. Ukaniachia na kipimo chako, ulichojipimia nyumbani kama ninavyofanya mimi, karatasi yenye jina lako. Halafu, tukiwa bado tunakunywa chai, ukasema jambo la pili kama mtu anayeongeza sukari: kwamba jina la dada yetu Aluoch halitakuwa kwenye ratiba ya ibada, na kwamba hatagusa saruji ya kaburi la mtu aliyemwacha afe.

Nilikwambia "sawa". Kwa yote mawili.

Nilijaribu, kaka. Nilitafuta kasha la arobaini na nne, nikaliweka mezani, nikaipachika mashine ya Baba ndani yake. Inaogelea. Itabidi izungushiwe pete ya plastiki ili isitikisike, na uso wake mdogo unabaki katikati kama andazi moja kwenye sinia ya harusi. Kile kijiti cha kutia ufunguo hakifiki nje. Ningeweza kulazimisha, mafundi wapo wanaolazimisha. Lakini nilipoutoa mkanda ili nianze, niliyatazama matundu yake, na kwa wiki nane mkono wangu umekataa kuendelea.

Unaukumbuka ule mkanda wa ngozi ya kahawia. Tundu alilokuwa akilitumia Baba miaka yote ya ualimu, akiinua mkono kutazama saa kabla ya kengele kugongwa, limepanuka na lina ufa. Baada yake, kuelekea ndani, kuna matundu matatu ambayo hayakutoka kiwandani. Hayalingani. Yalitobolewa na msumari uliopashwa moto.

Ni mimi niliyeyatoboa.

Mwaka ule wa mwisho Baba alinijia hapa mara tatu: Januari, Aprili na Agosti. Ninyi mlijua kwamba amekuja kunijulia hali, na mimi nilisema hivyohivyo. Januari alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua saa, akaomba tundu moja kwa sababu mkanda umelegea. Nikacheka nikamuuliza kama nyumbani msumari umekwisha hata apande basi usiku kucha. Hakucheka. Nikampima kwa mazoea tu, nikaandika jina lake kwenye karatasi: sentimita kumi na saba. Mwaka niliofungua meza, aliponibariki kwa kuwa mtu wangu wa kwanza kupimwa, alikuwa kumi na nane. Aprili alikuwa kumi na sita na kidogo. Agosti alikuwa kumi na tatu, na saa ile unayoiita ya kike ilikuwa imeufunika mkono wake kutoka mfupa hadi mfupa, pembe zake zikichungulia nje kama za Nderitu. Saa haikuwa imekua hata milimita moja.

Alikuja kwangu kwa sababu nyumbani angeonekana akitoboa. Aliniambia nisikwambie. Alisema ukijua utampeleka hospitalini siku hiyohiyo, ugonjwa utapewa jina, na kuanzia hapo atakuwa mgonjwa, ilhali sasa yeye ni mzee tu anayekaa kwenye kiti chake. Alinishika mkono akaniapisha. Nami, mtu ambaye kazi yake yote ni kusoma vifundo vya mikono ya watu, nilisoma cha baba yangu nikakikunja na kukitia kwenye droo. Sikukichoma hata kwenye msumari na vya wengine.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Kiapo cha mzazi ni kizito, na labda ungenisamehe. Lililobaki ni baya zaidi.

Mwezi wa tano mwaka ule Aluoch alinipigia simu. Alisema Baba anapungua. Alisema anavaa koti hata jua likiwaka, anakula kidogo na kusema ameshiba, na kwamba yeye ameamua kukupigia wewe jioni hiyo. Aliuliza mimi naonaje. Nikamwambia aache, asikusumbue na shule zimefunguliwa. Nikamwambia Baba alikuwa kwangu mwezi uliopita, nimempima mwenyewe kwa rula, na hajapungua kitu, ni uzee. Akasema basi, kama nimepima nimepima. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye fundi. Hakukupigia.

Oktoba tukamzika. Mbele ya jeneza na mbele ya watu wote ukamwelekea Aluoch ukasema mficha maradhi, kilio humfichua. Ukamwambia alikuwa akimpikia Baba kila siku, aliona na akanyamaza. Aluoch aligeuza kichwa. Alinitazama mimi. Kaka, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nami niliinamisha kichwa nikajifanya naitazama saa. Alingoja. Alipoona siinui kichwa, alijifunika leso uso akaenda jikoni kupakulia wageni. Miaka miwili hajamwambia mtu. Huenda alidhani siku moja nitasema mwenyewe. Wazee walipogawa vitu vya Baba, wewe ukapata saa na mimi nikapata lile koti, yeye hakupewa hata kikombe, na hapo pia nilisema sawa.

Naona aibu. Naona aibu kila ninapozungusha karatasi kwenye mkono wa mtu, na siku yangu ina mikono ishirini. Nimechoka kubeba jambo hili kutoka Raila hadi Gatina na kulirudisha jioni. Ni mimi niliyeficha, na dada yetu ndiye anayelipia.

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Utaikuta saa ya Baba ndani ya kasha lake lilelile la thelathini na nne. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nimebadilisha kioo. Mkanda ni uleule wa zamani; sikutaka kukuletea mpya kabla hujauona. Kuna pia karatasi tano. Nne ni za Baba, zina tarehe kwa mwandiko wangu. Ya tano ni yako. Chukua ya Baba ya kwanza, ya mwaka niliofungua meza, uilaze juu ya yako. Zinalingana, kaka, hazipishani hata kwa upana wa ukucha. Mkono ule unaoutazama na kuona saa ni ndogo ndio mkono aliokuwa nao Baba alipokuwa mzima, na hakuna mwalimu, mzazi wala mtoto aliyewahi kumwambia amevaa ya kike. Rula yangu itakupendekezea arobaini, sikudanganyi. Ukitaka, ninayo nzuri hapa, nyembamba, na itakaa vizuri chini ya mkono wa suti. Nitakuletea iwe zawadi. Lakini ukisimama kaburini na ya Baba, ifunge kwenye lile tundu lenye ufa. Itakutosha bila kuongezwa kitu. Yale matatu ya ndani usiyatumie, ni yangu.

Ombi langu ni moja. Mwite Aluoch, na umsomee barua hii kwa sauti yako, yote, hata pale penye aibu yangu. Kisha jina lake lirudi kwenye ratiba, awe wa kwanza kutia saruji. Kama ni lazima mtu aachwe nje, futa langu. Nitakuja hata hivyo, nimevaa koti la Baba, nibebe viti na kuchota maji pamoja na majirani, na ukitaka nisimame nikayaseme haya mbele ya walewale walioyasikia ya kwanza, nitasimama. Safari hii sitaitazama saa.

Nisalimie shemeji Trizah, umwambie zile ndizi alizonitumia zilifika zote. Wasalimie watoto, na majirani wa Baba mtakapofika nyumbani. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Marvin nitamkabidhi saa Ijumaa asubuhi ikiwa imetiwa ufunguo, na ufunguo mmoja huibeba siku moja na nusu. Ukiikuta bado inatembea, basi Marvin hakukawia njiani. Ukiikuta imesimama, usiitie ufunguo kwanza. Mpe Aluoch aitie. Baba alipokuwa hawezi tena kuukaza kwa vidole vyake, yeye ndiye aliyekuwa akimtilia kila asubuhi, na mimi hilo nililijua.

Ndugu yako mdogo,
Jeremy Opondo