Jina Lililotoka Kwenye Khutba

Mkunazini, Unguja
Mfungo Nne, 1964

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imeacha kuvimba na unapanda mimbari bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima. Barua hii nimempa mpishi wa meli, mtu wa kwetu Lamu, kwa sababu zinazopita posta hapa hufunguliwa.

Nimesoma yaliyokupata. Katika dua ya Ijumaa ya kumwombea mtawala, ulimi ulikuteleza ukamtaja sultani mkubwa, naye amekufa miaka minne sasa. Bwana wa serikali amekuonya: ukitaja sultani yeyote tena, mimbari aliyoiacha babu atapewa mwingine. Unaniuliza, Unguja wanamtaja nani?

Sikutaka kukujibu kwa kukisia. Ijumaa iliyopita nilikwenda msikitini mapema, nikakaa safu ya pili. Maalim Haji, khatibu wetu, alisoma vizuri mpaka akafika pale pa jina. Akanyamaza. Kabla hajaendelea, watu wakaitikia "Amin" kwa mazoea, na jina halikutajwa. Hakuna aliyecheka. Kisha akawaombea Waislamu wote, akamaliza.

Nilimngoja mlangoni.

"Maalim, pale ulinyamaza."

"Weye umekuja kusali au kuandika?"

"Yote mawili."

"Basi andika khatibu alikuwa anakohoa."

"Sikusikia kikohozi."

"Na mimi sikusikia swali." Akavaa viatu. Halafu akaniinamia, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivyo kwenu Lamu wanamtaja nani?"

Unashangaa pia ufalme kuisha upesi namna hii. Haukuisha upesi, Baba. Pwani yetu ilikuwa ya sultani kwa jina tu, mikononi mwa Waingereza tangu hujazaliwa. Yule sultani mkubwa alibakiwa na visiwa, bendera na jina lake kwenye khutba. Lakini alikaa karibu miaka hamsini, na watu wakamtazama yeye badala ya kutazama nchi. Alipokufa, vyama viligombana hata majirani wakasusiana mazishi. Mwanawe alitawala miaka mitatu akafa. Mjukuu hakumaliza mwaka. Alikimbilia melini asubuhi ya mapinduzi. Niliyoyaona siku zile nitakueleza kwa mdomo.

Gazeti letu limefungwa. Natafsiri matangazo katika ofisi moja mpaka saa nane, kisha narudi chumbani. Ghorofa ya chini alikuwa akikaa Bi Zuhura, mwenye nyumba. Siku za gazeti, kila adhuhuri alikuwa akipaza sauti ngazini, "Bakari! Shuka ule! Habari haziliwi, mwanangu!" Ameondoka na wanawe kwenda Arabuni. Aliniachia funguo na birika. Nyumba ya pili nayo ni tupu, na ya tatu inakaliwa na askari, ambao hatusalimiani nao. Siku nyingine nagundua jioni kwamba sijasema na mtu tangu nitoke ofisini.

Jibu langu ni hili. Usimtaje mtu. Hatari yako ni kwamba unaisoma khutba kwa moyo, na moyo wako una miaka thelathini ya jina moja. Iandike upya, usiache nafasi ya jina, uisome kwa macho hata wakikucheka kwamba mzee amesahau. Ukifika pale usinyamaze. Ukinyamaza, wataitikia wenyewe, na bwana yule atauliza wameitikia nini.

Nisalimie Mama, mwambie kofia imenifika na imenienea. Msalimie ami yangu mwadhini, na dada na wanawe.

Na ukisharudi nyumbani kutoka msikitini, kama ulimi bado unataka jina la mtu aliye Unguja, taja langu. Hapa sijaitwa kwa jina tangu Bi Zuhura aondoke.

Mwanao,
Bakari