Stempu Tano za Idman

Garissa, 4 Agosti 2024

Kwako Abti Barre, mjomba wangu,

Asalaam aleykum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Afya yako leo sikuulizi, maana nina hasira na wewe.

Jana nilikutana kliniki hapa na Rukiyo, jirani wa mama huko malishoni Lafey. Akaniambia, "Mama yako anamsalimia Siyad. Ngamia wa mahari yake wamenona."

Abti, kaka yangu Siyad tulimzika Machi! Nilikuandikia siku ileile, wewe unayebeba barua kwa pikipiki na kuwasomea wasiojua kusoma. Nimelamba stempu tano tangu hapo, na kila mara unanijibu kwamba mama amesikia na anamshukuru Mungu. Amesikia nini? Miezi mitano anamwombea mwanawe uzima badala ya kumwombea rehema. Huna haya!

Mpwa wako,
Idman

Lafey, 19 Agosti 2024

Kwako Idman,

Waaleykum salaam. Mimi nakuuliza afya yako, kwa sababu nina adabu.

Ndiyo, nilidanganya. Siku ile ya barua yako ya kwanza dada yangu alinipa maziwa, akaketi akicheka, "Haya, Siyad anasemaje?" Nikafungua bahasha, nikaona. Nikasoma kwamba Siyad amepata kazi ya udereva. Baada ya hapo sikujua pa kutokea.

Na wewe je? Tangu lini kwetu kifo cha mtoto kinatumwa kwa bahasha? Huja mtu, akaketi na mama, akalia naye. Mimi mwenyewe niliambiwa na karatasi, huku yeye ananitazama usoni! Siyad alikuwa mpwa wangu pia. Stempu inalipia safari ya barua, hailipii kinywa changu. Njoo umwambie.

Abti yako,
Barre

Garissa, 2 Septemba 2024

Abti,

Salamu. Ofisi ilininyima ruhusa ya kuja Machi, na juzi imeninyima tena. Usinitupie mzigo wako. Msomee ile barua ya kwanza, neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi yako. Nimetia na stempu ya jibu.

Idman

Lafey, 17 Septemba 2024

Idman,

Tuko hai. Nimemsomea, neno kwa neno. Hakulia. Aliniuliza Siyad alizikwa siku gani, kisha akanifukuza bomani kwake. Amesema nisimsomee tena barua ya mtu yeyote maisha yangu yote. Mimi, kaka yake.

Nilipokuwa nawasha pikipiki aliniita nikuandikie, akasimama hapohapo mpaka nikamaliza. Stempu yako ameikataa, imo humu ndani. Barua hii anakuletea Rukiyo kwa mkono, anaporudi kliniki, na ameagizwa aketi nawe mpaka umalize kuisoma.

Mama yako anasema: "Idman, barua yako imefika. Wewe uko wapi?"

Barre