Leo Sikupewa Kiti

Malindi, Ijumaa. Asubuhi mvua, mchana jua kali, mtaa mzima ukafuka mvuke. Naandika vidole vikinuka tui, na kimoja nimekifunga bendeji. Sijui nianzie wapi!

Nianze na kiti. Mimi ni nesi, kwetu Machakos, na hapa kila mtu ananiita Sista. Nimepanga kwa Bi Rukia miaka mitatu sasa, nyumba zetu zimegawana ukuta. Harusi zote za mtaani mimi hualikwa. Nikifika huingizwa mlango wa mbele, nikawekwa sebuleni kwenye kiti chenye mto. Soda baridi, pilau kwenye sahani yangu peke yangu, na kijiko. Wanawake wengine wako uani, wamezunguka sinia moja, wanacheka mpaka machozi.

Mwaka wa kwanza nilijisifu kwa mama kwamba huku pwani nakalishwa pamoja na mke wa meneja wa benki.

Baadaye nikaanza kuona. Nikipita uani kwenda msalani, mazungumzo hukatika. "Karibu, Sista." Nikishapita, yanaanza tena. Heshima nilipewa tele, lakini sikuwa na hata mtu mmoja wa kuniambia gauni limechanika nyuma.

Basi kesho ni harusi ya Mwanaisha, binti wa Bi Rukia mwenyewe. Nikajiambia, nikipewa kiti hata kwa jirani wa ukuta mmoja, nitaondoka mji huu mgeni kama nilivyokuja.

Jioni nilipotoka kazini nikajipamba: gauni la kanisani, viatu vya visigino, zawadi mkononi. Nikapiga hodi mlango wa mbele. Akafungua Bi Zena, shangazi wa bi harusi, aliyeingia jana kutoka Mambrui. Hanijui simjui. Akanitazama toka utosini hadi visiginoni, akawaka.

"Wee! Wajipamba saa hizi, nazi zitakunwa na nani? Na mashetani?"

Akanishika mkono akaniburuta hadi uani.

Msichana mmoja akaruka: "Shangazi, huyo mgeni! Sista wa hospitali!" Mkono wa Bi Zena ukalegea, akaanza kuniomba radhi. Mtu keshakimbilia kiti.

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo Bi Rukia akainua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua.

"Mgeni gani? Kila Ramadhani yuwafuturu chakula changu. Kirudisheni kiti hicho."

Alikuwa na doti ya leso, moja kajitanda, ya pili kaifunga kiunoni. Akaifungua ya kiunoni, akanifunga juu ya gauni langu la kanisani.

Jamani! Nusura nilie.

Nikavua viatu, nikakalia mbuzi ya kukunia nazi. Nazi ya kwanza tu nikajikwaruza kidole. Kicheko hicho! "Hodari wa kudunga watu sindano, nazi yamshinda!" Wakanionyesha, nikaharibu, wakanionyesha tena. Na mazungumzo hayakukatika. Mandazi ninayowapelekea kila Krismasi, ambayo miaka yote wameyasifu, leo nimeambiwa ni magumu kama mawe, na kuku ndio wanaoyala. Sijawahi kufurahia kusemwa namna hii!

Mara mke wa meneja akafika. Nikamwona kupitia mlango, amekaa sebuleni wima na soda yake, anageuza shingo kila tukicheka. Nilimwonea huruma. Pengine naye anangoja kuburutwa.

Nilipoaga nikaanza kuifungua leso nimrudishie mwenyewe. Bi Rukia akanipiga kofi mkononi.

"Kaa nayo. Mwenziye ninaye mimi."

Nimeivaa hadi sasa, na ina harufu ya udi na vitunguu. Bi Zena kaniagiza nije alfajiri kusaidia kuosha mchele, nisije nikajipamba tena.

Kesho napitia mlango wa uani.