Mtani Niliyemfukuza Msibani

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Septemba

Mpendwa shemeji Klara,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na manovisi wenzako na masista wanaowalea. Mimi nipo, napumua, na bado natengeneza cherehani hapa kwenye baraza la duka la Mzee Hasmukh, pale pale ulipotuacha. Niambie kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko, na kama ile sweta aliyokutumia dada yako inakutosha. Hakuipenda shingo yake. Aliifumua mara mbili, na mara ya pili nilimwambia Klara atavaa hata kama shingo imepinda, akaniambia ndiyo sababu haifai, kwa kuwa utavaa bila kusema.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata parokiani Msimbazi, niliitwa baada ya misa ya pili. Najua wewe huna simu huko, na kwamba barua ndiyo njia yetu, kwa hiyo nisamehe kwa kukaa kimya karibu miezi miwili. Si kazi iliyonizuia. Ni lile swali lako.

Uliniuliza ni mtani gani aliyemwigiza dada Theo siku ya msiba, na alisema nini. Ulinikumbusha kwamba baba yenu alipozikwa Songea ulikuwa na miaka sita, na Mpogoro mmoja akavaa koti la marehemu, akakohoa kama yeye na kudai pombe yake, na mpaka leo ukimkumbuka baba yako kinachokujia kwanza ni kile kikohozi. Safari hii mvua zilikata barabara, basi lenu likageuzwa Njombe, hukumzika dada aliyekulea. Ulitaka angalau upate hicho. Na mimi, mara baada ya msiba, nilikuwa nimekutumia salamu kwa padre kwamba mtani alikuja, akamwigiza vizuri, watu wakacheka. Hayo yote ni kweli, lakini nilikatisha nilipofika pale pabaya.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Theopista alianguka Jumanne, kabla ya saa sita mchana, akiwa anapinda foronya ya mteja. Mguu ulikuwa bado kwenye pedeli. Mimi ndiye mwenye presha, shemeji, miaka tisa sasa. Yeye hakuwahi kulala hospitali hata siku moja. Kila asubuhi tukifika barazani alikuwa anafungua chupa ya chai, anageuza kile kifuniko, anakiweka kidonge changu juu yake, kisha anakaa kwenye mashine yake bila kunitazama. Baada ya muda angeuliza kama nimemeza. Nikisema ndiyo, angesema nionyeshe kifuniko.

Unakumbuka pia desturi yake ya jioni, maana hata wewe ulipokuwa unakaa kwetu ulikuwa unaicheka. Kabla ya kufunika mashine na kile kitambaa cha maua, lazima ataje jambo moja la siku hiyo. Leo nashukuru sindano haikukatika. Leo nashukuru yule mama wa Mbagala amerudi kuchukua gauni lake. Siku moja hapakuwa na mteja hata mmoja, nikamwambia haya, leo tuone. Akafikiri, akasema leo nashukuru tumepata nafasi ya kukaa. Mimi nilikuwa namwitikia amina kwa mzaha. Sikuwahi kutaja la kwangu.

Clotilda unamfahamu, yule Mpogoro wa Mahenge anayeuza vifungo na zipu hatua tatu kutoka kwetu. Utani wake na Theo, ule wa Wapogoro na Wangoni, ulikuwa kama redio ya baraza. Clotilda alikuwa akimwambia Mzee Hasmukh asipoteze pesa kununua paka, kwa kuwa ana Wangoni wawili na hakuna panya atakayesalia dukani. Theo alimjibu kwamba Mpogoro akipanda lifti hupiga hodi kwanza. Siku zote hizo za jua na vumbi, walitukanana na kugawana muhogo wa kuchoma.

Basi siku ya msiba, tulipotoka makaburini na watu wamekaa uani wanasubiri chakula, Clotilda aliingia chumbani kwetu, akatoka amejifunga kitenge cha Theo kile cha kijani. Akavuta stuli, akakaa kama anavyokaa Theo, bega moja limeshuka. Akakanyaga pedeli ambayo haipo. Akatazama juu ya miwani ambayo haipo. Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Mzee Hasmukh alikuwepo, amevaa nguo nyeupe kama wanavyofanya Wahindu msibani, na mkewe Geeta, na hata wao walicheka, maana alikuwa ni Theo kabisa. Halafu Clotilda akafanya kama anafunika mashine, akasema kwa sauti ya dada yako: “Leo nashukuru. Leo nimepumzika kumkumbusha Mngoni huyu dawa zake.”

Uani palipasuka kwa kicheko. Mimi niliinuka. Nilimvua kitenge kile kwa nguvu mbele za watu, nikamwambia atoke nyumbani kwangu, yeye na Upogoro wake, na asirudi. Nilimwita mchawi, shemeji. Hata watoto wakaacha kucheza. Clotilda aliokota viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kuvivaa.

Unajua kwetu jambo hilo lina maana gani. Mtani hakasirikiwi. Mtani ndiye anayeingia mahali ambapo ndugu hawawezi kuingia, akakitoa kilio nje. Mjomba wenu alijaribu kunisemesha usiku ule, nikajifanya nimelala. Hata Mzee Hasmukh, baada ya wiki, alinijia na kikombe cha chai, akaniambia amezaliwa mtaa huu, amekwenda misiba ya Waswahili tangu avae kaptula, na hata yeye Mhindi anajua mtani hafukuzwi. Nilimwambia nimesikia. Sikufanya lolote.

Tangu hapo tulikaa hatua tatu, mimi na Clotilda, bila utani. Alikuwa ananisalimu habari za asubuhi kama anavyomsalimu mteja. Hilo liliniuma kuliko angenitukana. Mashine ya Theo imefunikwa vile vile katikati yetu. Wateja wanauliza kama inauzwa.

Kisha mwezi wa saba, kabla barua yako haijafika, msichana mmoja alisimama akauliza kama tunashona shuka za kitanda cha tano kwa sita. Theo alikuwa na namna yake ya kujibu swali hilo, alikuwa anavuta neno la mwisho. Nilitaka niisikie kichwani kabla sijamwambia yule msichana kwamba mshonaji amefariki. Haikuja. Maneno yalikuja, sauti haikuja. Nilijaribu njiani nikirudi nyumbani, nikajaribu kwenye bustani ya Mnazi Mmoja pale tulipokuwa tunapumzika Jumapili, nikakaa mpaka askari wa pale akaniuliza kama nasubiri mtu. Mlio wa mashine yake naupata. Kukohoa kwake nakupata. Jinsi alivyotamka jina langu, hapana. Simu yangu ni ile ndogo ya vitufe, haikutunza chochote. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na sauti imeondoka ndani ya miezi mitatu. Nililala nikijiambia sasa amekufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi kwa uzembe.

Ndipo barua yako ikaja na swali lile. Nikajua kwamba mtu mmoja tu Dar es Salaam nzima anayo sauti ya Theopista mdomoni mwake, na nimemfukuza.

Ilinichukua wiki tano kupata moyo. Alhamisi ya wiki iliyopita nilinunua kuku jike sokoni, mweupe, nikamfunga miguu, nikampelekea Clotilda pale kwenye vifungo vyake. Nilimwambia nimekosa, na kwamba niliyoyasema siku ile yalisemwa na mtu aliyechanganyikiwa. Alimtazama kuku, akampapasa kifua, akasema amekonda. Nikaona mlango umefunguka kidogo. Nikamwomba basi anifanyie Theo, mara moja tu, aseme lile neno la jioni, nami nitulie.

Akakataa. Alikataa kwa upole, na hilo ndilo lililonivunja. Alisema mfu huigizwa mara moja, siku ya kuzikwa, ili aondoke watu wakiwa wamemwona. Ukimwita tena, unamsumbua yeye na unajisumbua wewe. Alisema hata akitaka hawezi, ile sauti haikuwa yake kuihifadhi, ilikuja na kitenge na ikaondoka na kitenge.

Nililia, shemeji, mzee mzima, mbele ya makopo ya vifungo, saa nne asubuhi, watu wanapita na mizigo. Clotilda aliniacha nilie. Kisha akauliza, kwa sauti yake mwenyewe ile ya kukwaruza, kama nimemeza dawa.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuficha wewe na kila mtu. Sikumeza. Sikumeza siku ile, wala siku ya kabla yake, wala siku yoyote tangu tulipomzika Theo. Miezi mitano. Sikusahau. Kila asubuhi nilikuwa naitazama ile pakiti na kuiacha, nikijua ninachofanya. Sikuwa na nguvu ya kujidhuru, lakini nilikuwa na nguvu ya kungoja. Alichosema Clotilda uani kilikuwa kweli: hakuna tena wa kunikumbusha. Nilimfukuza kwa sababu alisema kweli kabla mimi sijaijua.

Niliinama nikatazama makopo ya vifungo. Akaelewa. Alimkabidhi Mzee Hasmukh yule kuku, akawaacha wateja wake wamesimama, akanipeleka zahanati amenishika mkono kama mfungwa. Mganga alipopima presha alipima tena mara ya pili, akauliza nimefikaje pale kwa miguu. Clotilda akamjibu kwamba Mngoni huyu hata kifo kimeshindwa kumla, kimekuta ananuka panya.

Nimeanza tena dawa. Nakuambia ili usikie kwangu, si kwa mtu mwingine. Lakini sitaki kukudanganya mara ya pili: sauti haijarudi. Chumba bado ni kirefu jioni. Bado napika ugali wa watu wawili na kuutupa. Clotilda huja asubuhi na kikombe cha maji, anasimama juu yangu mpaka nifungue mdomo, ananitukana, anarudi kwenye zipu zake. Hajifanyi Theo. Ni Clotilda tu.

Nisamehe kwa kukunyima ulichoomba. Kama wewe unayo sauti yake, usijaribu kunieleza kwa kalamu, haipiti kwenye karatasi. Siku watakapokuruhusu kuja, keti tu kwenye stuli yake na uzungumze lolote. Huenda ninyi ndugu mlifanana sauti nikawa sikusikiliza.

Mzee Hasmukh na Mama Geeta wanakusalimu, wamekuwekea kitambaa cheupe kwa siku ya nadhiri zako. Nisalimie masista wote. Niombee, nami nitakuombea kadiri ninavyoweza, ambayo kwa sasa si sana.

Nafunga barua hii barazani, jua limeshuka, na leo nimekiondoa kile kitambaa cha maua, nimeipangusa mashine vumbi, nimeifunika tena. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema, nimesema mimi. Leo nashukuru: Clotilda ameniita mla panya mara tatu, na mara ya tatu nimemjibu.

Shemeji yako,
Samson Mbano