Vidole Vyekundu vya Bibi

Babu,

Natumai ulipo hakuna vumbi la karatasi, maana kifua chako kilikuwa hakilipendi. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa kuwa mara zote mbili ilikuwa ni ya kumshitaki Bibi kwako.

Miezi miwili imepita tangu utuache. Bibi anakaa eda. Hatoki nje, hapaki wanja, hajifukizi udi. Vifaa vyako vya kujalidi vitabu Baba amevifungia sandukuni. Mimi nilichukua ile bahasha tu ya vipande vya karatasi nene ulivyoniwekea, ili niendelee na kadi za Idi peke yangu. Nilikuwa nimeanza juzijuzi tu, unajua. Kadi tatu, na mbili zilikwenda upande.

Nakumbuka siku ya kwanza. Ulinikalisha mkekani, ukaniambia nipinde karatasi taratibu kwa vidole viwili, kwanza upande huu, kisha ule. Upande mmoja ulikubali, wa pili ukakataa. "Umeona? Karatasi ina njia yake. Ikunje kwa njia yake, haipasuki." Kisha ukatazama mlangoni, ukashusha sauti. "Hii siri ya fundi, Amina. Twaijua mimi na wewe tu." Sikumwambia hata Mwanasha, ninayekaa naye dawati moja.

Halafu karatasi zikaanza kupungua. Kwanza nilimshuku Mama, kwa sababu aliwahi kuwashia jiko daftari langu la hesabu. Lakini na ile karatasi nyekundu ya mapambo ilikuwa imemegwa pembeni, ile niliyoinunua nyuma ya maduka ya leso, ambayo ulinionyesha kuilowesha na kuigusagusa juu ya kadi mpaka rangi yake itoe waridi. Mtu wa kuwasha jiko hamegi kipembe kimoja.

Jumatano nilitoka shule nikamkuta Bibi anakunywa maji. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu, kama hina ya siku tatu. Aliponiona akaficha mikono chini ya leso. "Watazama nini, mjukuu wangu? Nenda kavue sare."

Hina, Babu, na eda haijaisha. Chuoni, tunakosoma Kurani, tumefundishwa mjane hajipambi. Nilijiuliza anajipamba kwa ajili ya nani. Niliona haya kuwaza hivyo, na bado niliwaza. Miaka yote aliyokumiminia kahawa, nikasema, na miezi miwili imemtosha.

Nikaanza kumchunga. Kila baada ya sala ya alasiri alikuwa akifunga mlango wa chumba cha ndani, akisema anavuta tasbihi. Nikatega sikio. Nilisikia mkasi. Sijapata kusikia tasbihi inayovutwa kwa mkasi.

Bi Rehema naye alikwisha kuona, kwani dirisha lake latazamana na letu. Aliniita nikipita, "Wee Amina, nyumbani kwenu kuna harusi?" Akainama zaidi dirishani. "Mwambie bibiyo afiche mikono. Mji huu una macho." Mpaka leo sijui kama alikuwa akinionya au akinicheka. Jumapili walikuja wanawake wawili kutuangalia, na walichoangalia ni mikono ya Bibi. Baba akasikia maneno huko msikitini. Hakumwuliza Bibi kitu, ila salamu zake kwake zikawa fupi, akasema Shangazi atakuja Ijumaa kutoka Mbaraki kuzungumza naye. Niliogopa, Babu. Jina la Bibi lilikuwa linachafuka, nami nilikuwa mmoja wa waliolichafua, japo moyoni tu.

Alhamisi niliingia bila ya hodi.

Alikuwa mkekani, na kikombe cha maji, na kijiko cha kulainishia mikunjo. Mbele yake kadi tisa. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza habari ya hina, lakini niliona mikunjo ile. Hakuna hata mmoja uliopasuka.

Nikamwuliza, "Nani aliyekufunza njia ya karatasi?"

Bibi alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Babuyo. Aliniambia ni siri yetu, mimi na yeye tu."

Tulitazamana. Kisha akajifunika uso kwa leso, akacheka, na baadaye sikujua tena kama ni kicheko. Alisema wale uliokuwa ukiwapelekea kadi kila Idi watazisubiri, hata yule rafiki yako wa Unguja asiyejibu siku hizi. "Sikutaka wadhani amewasahau. Na sikutaka waseme mjane acheza na rangi." Tukavisugua vidole kwa ndimu. Havikutakata.

Ijumaa Shangazi alikuja, na Bi Rehema akaingia nyuma yake na wale wanawake wawili. Wakakaa. Hakuna aliyetaja hina, na macho yote yalikuwa mapajani mwa Bibi. Nilishindwa kuvumilia. Nilichukua kadi moja nikampa Bi Rehema mkononi, mbele ya wote.

Babu, kabla hajaifungua, aliipinda kwa vidole viwili. Upande huu, kisha ule.

"Imekunjwa kwa njia yake," akasema, kisha akaufumba mdomo ghafla. Akatazama waridi, akatazama vidole vya Bibi. Akawageukia wenziwe. "Nyinyi nanyi kwa kudhani. Hii si hina, ni karatasi ya mapambo. Rangi yake haitoki wiki nzima. Mwaka juzi vyangu vilikuwa hivi hivi."

Bibi akamwuliza taratibu, "Mwaka juzi?"

Bi Rehema alianza kuisifu kahawa. Shangazi alivishika vidole vya Bibi, akavibusu, na jioni Baba alikaa naye mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Basi sasa ninakushuku wewe. Jana muuza tambuu alipokea kadi yake, nikamwona anaipima kwa vidole viwili. Mwalimu wangu wa chuoni sijampelekea bado, naogopa kutazama mikono yake.

Lala salama, Babu, Mungu akupanulie mahali pako. Ninakuahidi kadi zako zitatoka kila Idi, kwa mkono wangu na wa Bibi, na haitapasuka hata moja. Siri yako nitaitunza vilevile, ingawa sijui tena ninamficha nani.

Mjukuu wako,
Amina