Malka Iliyobaki Kwenye Karatasi

Kilelengwani,
kupitia Garsen,
Tana River.
11 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Linda,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua na mbu. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepoa, au baridi ya Nairobi bado inakichezea? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba yako mdogo bado anayo magoti yake mawili. Moja likikubali kujikunja, lingine linakataa. Mamako anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia balozi halali njaa.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwezi wa tatu utasimama mbele ya walimu wako wa historia ya diplomasia uwaeleze mkataba wetu wa malka, zile njia za ng'ombe kwenda majini. Nilijivuna, mwanangu. Nilimsomea hata fundi wa baiskeli, ambaye wala hakuuliza. Muda wote huu nimekutania kwamba unasomea namna wafalme waliokwisha kufa walivyogawana mito isiyo yao, na sasa mto wetu nao umeingia chuo kikuu! Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukajua kabla sijamaliza.

Mkataba umeharibika.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa kabla yake. Kiangazi kikishika, Galgalo alileta kibuyu cha maziwa hapa nyumbani kabla ng'ombe wake hawajashuka. Nilikunywa mbele ya watu, kisha sisi wawili, yeye Muorma na mimi Mgiriama, tulitembea kutoka mkuyuni hadi majini tukionyeshana malka ya mwaka huo, ng'ombe wapite wapi wasiguse mazao. Likizo ile ulipotuandikia vifungu, njia ikawekwa wazi: ianzie mkuyuni, iishie kwenye kivuko. Wazee wakatia dole gumba. Tukasema basi, hakuna haja ya kibuyu wala kutembea tena, na mwenye magoti haya ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Halafu mafuriko yakaja, mto ukahama. Kile kivuko sasa kinatazama tope. Maji yako nyuma ya shamba langu na la jirani yetu Kalama. Karatasi haikuhama.

Mwezi uliopita Galgalo alishusha ng'ombe kwa njia iliyoandikwa. Mitamba wake wawili wakanasa kwenye tope. Tuliwavuta kwa kamba, Waorma kwa Wagiriama, mpaka mikono ikachubuka. Wakafa. Galgalo akaomba apitishe waliobaki kwa Kalama wafike majini. Kalama akatoa nakala yake mfukoni.

"Mzee, kifungu cha tatu. Njia ni hii, hakuna nyingine. Ameandika Linda mwenyewe, na Linda ni msomi."

Galgalo alinigeukia mimi. "Kaingu, karatasi yenu nasema ng'ombe yangu kunywa matope?"

Nikaitazama nakala ile, dole gumba langu likiwa chini yake.

Kesho yake alihama na boma zima kuelekea Hola. Hakuaga.

Usimchukie Kalama. Pojo iliyo shambani mwake ndiyo karo ya watoto wake. Na anaogopa, kama tunavyoogopa sote tuliokimbilia Garsen mwaka ule wa mapigano, magodoro kichwani. Anaamini karatasi ndiyo inayomlinda. Lakini nasikia vijana wa Galgalo wameapa kwamba wakirudi wataingia bila kuomba, na vijana wetu wananoa mapanga hata siku ambazo hakuna cha kufyeka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si mbu.

Sikulaumu hata kidogo. Ulitutakia mema, nasi tulitia dole gumba kwa furaha. Ila usisimame mbele ya walimu ukasema mkataba huu unafanya kazi. Waambie ulifanya kazi mpaka mto ulipogeuka. Na kama nauli ipo, njoo kwanza. Kalama ananisikiliza mimi kama redio iliyokwisha betri. Wewe atakusikia. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulichoandika kinaweza kuandikwa upya, na kwamba lazima watu waitembee tena njia kila mwaka.

Juzi nilichukua panga nikafungua njia ndani ya shamba langu, kuanzia mkuyuni. Mahindi yamelala huku na huku, na mke wangu Kavumbi hajanisemesha tangu hapo. Nilifika kwenye ua wa Kalama nikasimama; bila ruhusa yake njia haifiki majini. Kila asubuhi huenda kutazama. Naona nyayo zangu tu. Kwato hakuna.

Mamako anakusalimu sana. Kavumbi naye amesema nikusalimu; alimwambia mamako aniambie. Mungu akufunike, akufikishe salama popote uendapo, na akitaka, akulete huku kabla ya mvua.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata mikataba ikivunjika,

Kaingu